Sinagogi Nililoligeuza Kaskazini

Mimi ni mtu wa shaka. Sijui nilirithi kwa nani, maana mama yangu alimwamini kila muuza samaki aliyepita mlangoni kwetu Tanga, lakini mimi tangu utotoni nikipewa kitu nakigeuza kwanza nione chini kuna nini. Basi siku ile mwenye karakana aliponiwekea picha mezani na kuniambia kwamba hili ni sinagogi, nilizitazama, nikazigeuza, nikatazama migongo ya picha zile, kisha nikamtazama yeye.

"Huu ni msikiti," nikamwambia.

"Ni sinagogi," akasema.

Nilirudi kwenye picha. Ukumbi mweupe, safu za nguzo za pande nane, na juu yake matao yaliyobanwa chini na kupanuka juu, mfano wa nali ya farasi. Vichwa vya nguzo vilikuwa na mapambo ya plasta, matunda ya msonobari yamesokotana na mikanda. Hakukuwa na sura ya mtu wala mnyama. Nimesali katika misikiti mingi, na ningeweza kuvua viatu pale na kuingia bila kuuliza. Kisha nikaona picha ya mwisho: kule mbele, mwisho wa ukumbi, kuna madhabahu ya kanisa.

Mwenye karakana akaeleza kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Jengo liko Toledo, Hispania, ni la karne nyingi zilizopita. Wayahudi ndio waliolitaka, mafundi wa Kiislamu au waliofunzwa nao ndio waliolijenga, na aliyekuwa akitawala mji ni mfalme Mkristo. Baadaye likachukuliwa, likafanywa kanisa. Jumba moja la makumbusho mjini Stockholm lilitaka modeli yake kwa ajili ya maonyesho ya mwezi wa pili, modeli kubwa, ambayo mtu ataweza kuinama na kuchungulia ndani. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema huyu mzee ananipima. Anajua mimi ni Mwislamu, anataka kuona kama nitakataa.

Karakana ilikuwa Spånga, nyuma ya nyumba yake, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni. Tulitengeneza modeli za majengo kwa wasanifu na makumbusho. Mzee alikuwa mrefu, mkimya, na kama Waswidi wote wa enzi ile alimwita kila mtu "wewe" na hakutaka kuitwa bwana. Nilipata taabu sana na hilo. Kumwambia "wewe" mtu wa umri wa baba yangu kila asubuhi, bila hata shikamoo ya kutangulia, kulinifanya nijihisi mhuni.

Mimi nilikuwa nimekuja Sweden kwa mafunzo ya ujenzi. Mafunzo yakaisha, nikapata kibarua hapo kwa sababu ya mikono yangu. Mjomba aliyenilea alikuwa fundi chokaa, mtu wa kutengeneza vidaka na mapambo ya ukutani katika nyumba za kale za Tanga na Pangani, na alinifundisha kuchonga chokaa ikiwa bado mbichi, kabla haijakubali kuwa jiwe. Mwenye karakana hakupata kuona mtu anachonga hivyo. Wao walimimina plasta kwenye kalibu, ikatoka imeiva, basi.

Sasa nieleze lililokuwa likinila. Tulikuwa vibarua wawili, na mwezi wa kumi mzee alituambia wazi wakati wa kahawa: baada ya maonyesho kutakuwa na kazi ya mtu mmoja tu. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kinaisha majira ya kuchipua. Kwa barua ya ajira ya kudumu ningeweza kuomba kingine. Bila barua hiyo ningepanda ndege na sanduku langu na kurudi kueleza nyumbani kwa nini nimerudi. Hakuna siku niliyolala bila kuifikiria hiyo barua.

Yule wa pili alikuwa mtu wa Uganda. Seremala hasa, si wa kubahatisha. Alikuwa mwalimu wa useremala kwao, akakimbia, akakaa Nairobi miaka kadhaa, ndiko alikookota Kiswahili chake. Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na tai shingoni. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, lakini aliniita "ndugu," na hilo nalo nililitilia shaka. Nilidhani anatucheka sisi Watanzania na undugu wetu wa mikutanoni.

Tena alikuwa na kijidaftari. Alikiweka mfuko wa shati, na mara kwa mara alikitoa, akaandika kitu, akakirudisha. Wakati ule Waganda wa Stockholm walikuwa wakiogopana wao kwa wao. Serikali ya kwao ilikuwa imebadilika tena, waliokimbia ya kwanza walikuwa wakijiuliza juu ya waliokimbia ya pili, na mtu akikaribishwa chai aliangalia kwanza nani yupo sebuleni. Kwa hiyo mtu anayeandika-andika sikumwelewa. Nilimuuliza anakaa wapi, akasema, "Huko tu, kusini." Nilimuuliza alitoka Uganda mwaka gani, akasema, "Mwaka wa matatizo." Nilipomuuliza la tatu aliweka randa chini.

"Ndugu, leo umeniuliza maswali matatu," akasema. "Kwani ubalozi wenu unakulipa kwa swali?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikajua na yeye ananichunguza mimi. Tangu siku ile tulifanya kazi tumepeana migongo.

Kazi tuligawiwa hivi: mimi kuta, matao, nguzo na mapambo, yeye paa la mbao, kitako ambacho jengo lote lingekaa juu yake, na sanduku la taa. Maana mzee alitaka kuwe na taa inayoiga jua la asubuhi, mtu akichungulia aone mwanga unavyoingia ukumbini. Na kwenye mbao ya kitako uchongwe mshale wa kaskazini, kama ilivyo kwenye ramani.

Nikiri kwamba niliipenda kazi ile kuliko nilivyotaka. Yale matunda ya msonobari nilikataa kuyamimina yote kwenye kalibu. Kalibu ilitoa umbo, kisha mimi nikayapitia moja moja kwa kijisu, plasta ikiwa mbichi. Kuna siku nilijikuta nimeshika pumzi kama mjomba alivyokuwa akifanya. Nikawaza, aliyechonga la kweli huko Toledo naye alikuwa amemaliza kusali adhuhuri, akarudi kupamba nyumba ya dini isiyo yake, kwa ruhusa ya mfalme wa dini ya tatu. Na yeye alimwamini nani? Nilimhurumia, na nilimwonea wivu kwa kuwa kazi yake ilidumu.

Husby, nilikokuwa nikikaa, hawakuliona hivyo. Tulikuwa na chumba cha kusalia, cha chini ya jengo la ghorofa, na habari ilifika pale kabla yangu. Mzee mmoja wa Uganda, Mwislamu, dereva wa basi, alinisubiri nivae viatu.

"Mwanangu, ni kweli unawajengea Mayahudi?"

"Ni modeli tu, mzee. Ya makumbusho."

"Modeli ya nini?"

"Ya jengo lililojengwa na Waislamu."

"Kwa ajili ya nani?"

Nikainama kufunga viatu. Akatikisa kichwa, akaniambia nisali sana. Chumba chenyewe kilikuwa na matatizo yake. Kila aliyekuja mara ya kwanza kutoka kwetu pwani, ama Uganda, alisimama vibaya, ikabidi ashikwe bega na kugeuzwa. Kwetu Tanga Makka iko juu yetu kabisa, kaskazini, na kibla na kaskazini ni jambo moja. Fundi akipima kiwanja anaitafuta kwanza kibla, asije akakielekeza choo huko. Kaburi linachimbwa kwa kuifuata. Mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Stockholm kibla ni kusini mashariki. Nilikwishazoea, lakini bado kila nikitandika mswala mwili wangu ulianza kugeukia kwingine, nikaurudisha.

Mwezi wa kumi na mbili mwanzoni mzee alinipa michoro yote ya jengo, niinakili kwenye karatasi ile nyembamba inayoonyesha chini, kisha niihamishie kwenye mbao ya kitako kwa penseli: mistari ya kuta, mshale, na mahali pa sanduku la taa. Baada ya hapo mwenzangu angechonga. Niliifanya asubuhi moja, haraka, kwa furaha, kwa sababu wakati huo jengo lote nilikuwa nalo kichwani. Nilijua ukuta wa mbele uko wapi, ule wanaouelekea watu wakiomba. Nilianza na huo, vingine vikafuata vyenyewe. Nikampa mbao yake bila neno, naye akaipokea bila neno. Laiti tungekuwa tunasemezana, labda angeuliza kitu.

Wiki mbili baadaye alikuwa amemaliza. Mshale umechongwa safi, mbao imepigwa msasa mpaka inateleza, ikapakwa vanishi. Tukaweka kuta, nguzo, matao, na paa lake linalofunuka kama kifuniko cha sanduku. Hata mimi nilisimama nikatazama. Ilikuwa kazi nzuri, na nusu ya uzuri ule ulikuwa wake, jambo ambalo halikunifurahisha.

Mwezi wa kwanza alikuja kuikagua mama mmoja Myahudi, mwalimu mstaafu, ambaye makumbusho walimwomba atazame kama kila kitu kiko sawa. Koti la kijivu, miwani minene, mkoba wenye rula ndani. Nilijiandaa. Nilidhani ataniuliza jina langu, kisha dini yangu, kisha atatafuta kosa. Hakuniuliza chochote. Alipima nguzo kwa rula yake, akainama, akachungulia, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Wewe huoni uchungu," nikamuuliza kwa Kiswidi changu, "kwamba lilichukuliwa?"

"Nimekuja kuangalia vipimo," akasema, bila kuinua kichwa. Baada ya muda akaongeza, "Matunda haya umechonga wewe? Yana uhai." Kisha akamwomba mzee awashe taa.

Taa ikawaka. Mwanga ukaingia ubavuni mwa ukumbi, ukakata nguzo, ukaanguka ukuta wa pili. Mama yule akainuka, akatazama mshale, akainama tena.

"Hili jua linatoka wapi?" akauliza.

"Mashariki," mzee akasema.

"Hapana. Mashariki ni kule, ukuta wa mbele, ndiko Yerusalemu. Ndiko walikokuwa wakielekea wakiomba. Asubuhi mwanga hutokea nyuma ya ukuta ule. Nyinyi mmeweka kaskazini pale." Alisema kwa upole, kama anayemsahihishia mtoto hesabu, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. "Jengo zima limegeuzwa."

Mzee alichukua mchoro, akavaa miwani. Shingo yake ikawa nyekundu. Mchoro ulikuwa sawa, mshale mdogo kwenye kona, kila kitu mahali pake. Zilibaki wiki nne. Alimsindikiza mgeni mpaka getini, akarudi, akauliza ni nani aliyekosea.

"Mimi nilifuata penseli," mwenzangu akasema. "Penseli yake."

"Mimi nilichora mashariki mahali pake," nikasema.

Naapa kwamba niliamini. Niliiona kichwani ile asubuhi, mkono wangu, penseli, kila kitu sawa. Tukaitazama mbao, lakini mbao ilikuwa imepigwa msasa na vanishi, hakuna alama hata ya kufikirika. Mzee akauliza karatasi ya kunakilia iko wapi. Tukaitafuta wote watatu, mezani, kabatini, kwenye takataka. Haikuonekana. Nikamtazama mwenzangu, naye alikuwa ananitazama mimi, kwa muda mrefu, mdomo umefungwa. Hakujitetea tena. Mtu asiye na kosa, nilijiambia, angepiga kelele.

Nilikuwa na maelezo yote tayari. Ameharibu makusudi, akaitupa karatasi, ili lawama inishukie mimi na barua apate yeye. Hesabu yangu ilikubali kila upande, na sikujiuliza kwa nini mtu aharibu kazi ya mikono yake mwenyewe ili kumharibia mwingine.

Kesho yake mzee aliniita peke yangu nyumbani kwake, jikoni, akanimiminia kahawa. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Hapo ningeweza kunyamaza, lakini nikaendelea. Nikamwambia kwamba yule mtu ana kijidaftari, anaandika-andika, hasemi anakoishi, na hata Waganda wenzake hawaaminiani. Mzee alisikiliza, akachovya mkate wa mdalasini kwenye kahawa, akasema "jaha," neno lao la kupokea habari bila kuonyesha imeingia wapi. Nilitoka pale nikijiona nimesema kweli tupu.

Mwenzangu ndiye aliyerekebisha. Aliuziba ule mshale kwa kipande cha mti uleule, mishipa ya mbao ikakutana na mishipa, akachonga mpya, akahamisha sanduku la taa. Ilimchukua siku sita. Maonyesho yakafunguliwa kwa wakati. Mwisho wa mwezi wa pili mzee alinipa mimi mkono na ile barua, na mwenzangu akamwambia hakuna kazi tena.

Siku yake ya mwisho alifunga patasi zake kwenye kitambaa, moja moja, kisha akaja mezani kwangu. Akatoa kijidaftari mfukoni, akakiweka juu ya meza.

"Vipimo vyote vya paa viko humo," akasema. "Likivunjika, atakayelitengeneza atavihitaji. Kwaheri, ndugu."

Alipotoka nilikipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta jina langu. Vipimo. Michoro ya viungo vya mbao. Maneno ya Kiswidi na maana yake pembeni, hasa yale magumu kutamka. Hakuna kingine. Na bado, mnisamehe, nilifikiri lazima ana daftari la pili.

Mwezi wa tatu nilitumwa kutafuta kalibu za yale matunda ya msonobari, makumbusho walitaka nakala mbili za kuuza. Nilikuwa nimezihifadhi mwenyewe kwenye boksi chini ya meza yangu, nimezifunga kwa makaratasi zisipasuke. Nikafungua ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwa karatasi nyembamba, inayoonyesha. Nikaikunjua.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba Mganda ameighushi na kuniwekea. Nilifika hapo kabla sijafika kwenye ukweli! Lakini mwandiko ulikuwa wangu. Mshale ulikuwa na mkia uliogawanyika kama wa samaki, jinsi mjomba alivyouchora na jinsi ninavyouchora mimi, hakuna mwingine Spånga nzima. Na mshale ule ulielekea ukuta wa mbele moja kwa moja, umenyooka. Sikuwa nimeutazama mchoro hata kidogo. Niliukuta ukuta wa kuombea, na mkono wangu ukafanya ulichofundishwa Tanga: hiyo ni kibla, na kibla ni kaskazini. Nililichukua sinagogi la Toledo nikalisimamisha kama nyumba ya mtaani kwetu Chumbageni. Kisha, siku hiyohiyo au ya pili yake, nikachukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu nikafungia kalibu zangu, nikasahau.

Niliketi kwenye sakafu. Nilimshuku mzee, nikamshuku yule mama na rula yake, nikamshuku Mganda, na katika watu wote waliokuwa chumbani mmoja tu sikumtilia shaka hata siku moja, naye ndiye aliyekuwa amekosa. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya koti. Maombi yangu ya kibali yalikuwa yamepelekwa wiki mbili kabla, na barua ya mzee ndani yake. Nilijiambia nitasema. Wiki hii mzee ana mafua. Wiki ijayo kuna kazi ya haraka. Bahasha ilikuja mwezi wa tano, nikaifungulia palepale chini kwenye visanduku vya barua, nikabusu muhuri. Wiki mbili baadaye nilianza kuuliza yule mwenzangu yuko wapi.

Alikuwa Flemingsberg, anaosha vyombo katika jiko la hospitali kubwa. Nilimpata nje, mlango wa nyuma, wakati wa mapumziko yake, ameketi kwenye benchi na kofia ya plastiki kichwani. Jua la mwezi wa sita lilikuwa kali kwelikweli. Hakushangaa kuniona, au hakutaka nione kama ameshangaa. Akasogea, nikakaa.

Sikujua pa kuanzia, nikampa karatasi. Aliifungua juu ya mapaja, akaisoma kwa kidole, kiseremala, kutoka ukuta mpaka mshale.

"Mimi niliijua," akasema. "Siku ile umenipa mbao, nilijua hii imegeuzwa. Nilikuwa nimeona mchoro."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umefanya makusudi. Nikasema, huyu Mwislamu anataka nyumba iangalie upande wake. Nikiuliza, italeta maneno ya dini, na mimi maneno ya dini nilikimbia kwetu." Akaugusa mkia wa mshale kwa kidole. "Halafu ukasema ni mimi. Hapo nikajua hata nikisema, nani ataniamini."

Nikamweleza. Tanga, kaskazini, kibla, kiwanja, kaburi, mjomba. Nilieleza vibaya, nikirudia-rudia, na jasho linanitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. Kilikuwa kicheko cha kweli, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamwona ana pengo la jino upande wa kushoto.

"Hiyo naamini," akasema, akipangusa macho. "Kweli naamini. Hata Waislamu wa kwetu wangefanya hivyo hivyo. Ni makosa tu, ndugu. Mtu anakosa."

Mzigo uliniondoka kifuani. Nilikuwa karibu kumshika mkono.

"Hii karatasi uliipata lini?" akauliza.

"Mwezi wa tatu."

"Na kibali?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mwezi wa tano."

Aliikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, polepole, akanirudishia. Hakuwa na hasira usoni, na mimi hasira ningeiweza.

"Basi ilikuwa makosa mpaka mwezi wa tatu," akasema.

Mtu alimwita kutoka ndani. Akasimama, akaweka kofia yake sawa. Akaniuliza kama nitamwambia mzee, maana kuna karakana nyingine mjini alikoomba kazi, na huko wangempigia mzee simu wamuulize juu yake. Nikamwambia ndiyo, kesho asubuhi. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia jikoni.

Kesho yake asubuhi nilifika Spånga kabla ya wote. Mzee alipokuja nilimwambia habari za asubuhi, akaniambia habari za asubuhi, na karatasi ikabaki ndani ya koti. Nilifanya kazi pale miaka tisa, na simu ilipolia alikuwa akipokea yeye.